Dirty Pipe na namba za matoleo: nitathibitishaje kwamba mwanya wa kiini cha Linux umezibwa kweli?

Msimamizi_Seva ameuliza:

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Ninasimamia seva kadhaa zinazotumia Debian 11, mmoja wa mifumo ya Linux, katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Hivi karibuni tulipokea ripoti ya ukaguzi wa usalama inayosema kwamba kiini cha mfumo endeshi katika seva zote ni toleo la 5.10.0, na kwamba kwa sababu hiyo seva zote zina udhaifu wa CVE-2022-0847 (CVE ni namba ya utambulisho ya udhaifu wa usalama), ule uliopewa jina la Dirty Pipe, unaomwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ripoti inaeleza kwamba udhaifu huo ulizibwa katika toleo la 5.10.102, na kwa kuwa 5.10.0 ni ndogo kuliko 5.10.102, mkaguzi amehitimisha kwamba hatujauziba. Chombo alichotumia kilisoma jibu la amri ya `uname -r`, kikalinganisha namba mbili, kikatoa hukumu.

Nimekuwa nikisakinisha masasisho ya usalama kila yanapotoka, kwa hiyo siamini kwamba mwanya wa mwaka 2022 bado uko wazi. Hata hivyo, kumwambia mkaguzi kwamba nimesasisha si ushahidi, naye ana haki ya kudai ushahidi. Seva hizi zimebeba hesabu za akiba za wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao hawana mahali pengine pa kukimbilia fedha zao zikichezewa, na mimi mwenyewe ningependa kujua ukweli kuliko kushinda mabishano.

Ninaomba msaada wa kuelewa ni kitu gani hasa kilichokuwa kimeharibika ndani ya kiini, kwa sababu nimesoma kwamba kiraka chake kilikuwa cha mistari miwili tu, na ninashindwa kuona jinsi mistari miwili inavyoweza kutenganisha mfumo ulio salama na mfumo ulio wazi kwa kila mtu. Ninaomba pia kuelezwa hatua zilizopo kati ya mistari hiyo kuandikwa na seva yangu kuwa salama, na ni ipi kati ya hatua hizo ninayoweza kumwonyesha mkaguzi. Jambo la mwisho ni kuwasha seva upya: viongozi wa chama hawapendi huduma ikatike hata kwa dakika chache, na wameniuliza kama kuna njia ya kuepuka.

Mchambua_Msimbo amejibu:

Ndugu Msimamizi, nitaanza na msimbo, kwa sababu ukielewa kilichoharibika utaona mwenyewe kwa nini namba ya toleo peke yake haiwezi kuwa shahidi.

Katika Linux, bomba linalopitisha data kutoka programu moja kwenda nyingine ni duara la vishikizi, na kila kishikizi kinaelekeza kwenye ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Programu ikiandika baiti chache ndani ya bomba, kiini hutenga ukurasa mpya. Ikiandika tena kabla ukurasa huo haujajaa, kiini kinaweza kuongeza data mpya papo hapo badala ya kutenga ukurasa mwingine. Ruhusa ya kuongeza huwekwa kama alama kwenye kishikizi, na jina lake ndani ya msimbo ni `PIPE_BUF_FLAG_CAN_MERGE`. Lakini kuna njia ya pili ya kutia data kwenye bomba, yaani wito wa mfumo uitwao `splice()`, ambao haunakili yaliyomo katika faili bali huuelekeza kishikizi kwenye ukurasa wa faili hiyo uliopo tayari katika akiba ya kurasa, yaani nakala za faili ambazo kiini huzishikilia kwenye kumbukumbu. Ukurasa wa namna hiyo haupaswi kuongezewa kitu chochote kupitia bomba, kwa kuwa ni wa faili, na kila programu inayosoma faili ile husoma ukurasa ule ule.

Kasoro ilikuwa kwamba kiini, kilipoandaa kishikizi kwa ajili ya `splice()`, hakikufuta alama iliyoachwa na matumizi yaliyotangulia. Kosa hilo liliingia katika Linux 4.9 mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa halikumdhuru mtu, kwa sababu wakati huo ruhusa ya kuongeza data iliamuliwa kwa njia nyingine. Mwaka 2020, toleo la 5.8 lilipoihamishia ruhusa hiyo kwenye alama, kosa lililokuwa limelala likageuka mwanya. Mshambuliaji hulijaza bomba ili vishikizi vyote vipate alama, hulisoma lote mpaka likawa tupu, huingiza kwa `splice()` angalau baiti moja ya faili anayoruhusiwa kuisoma tu, kisha huandika ndani ya bomba. Kiini, kikiiona alama ya zamani, hudhani kinaruhusiwa kuongeza, na maandishi ya mshambuliaji huangukia juu ya ukurasa wa faili. Faili hiyo inaweza kuwa `/etc/passwd`, au programu yoyote inayoendeshwa kwa mamlaka ya root. Hahitaji ruhusa ya kuandika. Hata faili iliyo kwenye diski iliyofungwa isiandikwe haimzuii, kwa kuwa kinachobadilishwa ni nakala iliyo katika kumbukumbu.

Kiraka, badiliko namba 9d2231c5d74e, kinaongeza mstari wa `buf->flags = 0` katika sehemu mbili: ndani ya `copy_page_to_iter_pipe()` na ndani ya `push_pipe()`. Hicho ndicho kiraka chote. Uzito wa kiraka haupimwi kwa mistari yake. Kazi kubwa ilikuwa kufika kwenye mistari hiyo, na napenda kuieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu inafundisha namna kazi hii inavyofanyika.

Max Kellermann, aliyeigundua hitilafu hii, hakuwa akitafuta udhaifu wa usalama. Aprili 2021 alipokea malalamiko kwamba faili ya kumbukumbu za matukio ya tovuti, iliyobanwa kwa gzip, haifunguki kikamilifu kwa sababu ya kosa la CRC, hesabu ya kuhakiki kwamba data haijaharibika. Tatizo likajirudia kwa miezi. Alipoweka faili zilizoharibika pamoja, aliona kwamba baiti nane za mwisho zilikuwa zimebadilishwa, na kwamba katika faili zote zilikuwa baiti zile zile, zikianza na herufi PK: huo ni mwanzo wa saraka iliyo mwishoni mwa faili ya ZIP. Mfumo wake ulikuwa ukiunganisha kumbukumbu za siku mbalimbali kuwa faili moja ya ZIP ya mwezi, ukitumia `splice()`. Lakini mchakato ulioandika ZIP haukuwa na ruhusa yoyote ya kuandika kwenye faili za kila siku. Hapo ndipo mtu mwingine angeweza kulaumu diski au kumbukumbu ya mashine na kuendelea na shughuli zake. Yeye alifuata swali moja: ni nani mwingine mwenye uwezo wa kubadilisha ukurasa wa faili bila ruhusa? Jibu lilikuwa kiini chenyewe. Akaandika programu mbili fupi za C, moja ikiandika herufi A kwenye faili, nyingine ikipitisha faili hiyo kwenye bomba kwa `splice()` na kuandika herufi B ndani ya bomba. Herufi B zilipoonekana ndani ya faili, ambayo programu ya pili haikuwa imeifungua kwa kuandika, hakukuwa tena na la kubishania.

Tarehe 20 Februari 2022 alituma taarifa, msimbo wa kuthibitisha, na kiraka kwa kikosi cha usalama cha kiini cha Linux. Siku iliyofuata aliirudia hitilafu kwenye simu ya Google Pixel 6 na kuwaarifu watu wa usalama wa Android. Siku hiyo hiyo kiraka kilitumwa hadharani kwenye orodha ya barua ya wasanidi wa kiini, bila maelezo ya udhaifu, kwa ushauri wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wasanidi wenzake Willy Tarreau na Al Viro. Tarehe 23 Februari yakatoka matoleo thabiti ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Tarehe 28 Februari wasambazaji wakaarifiwa kwa faragha, na tarehe 7 Machi maelezo yote yakatangazwa.

Namba 5.10.102 aliyoinukuu mkaguzi wako inatoka hapo. Lakini angalia Debian walifanya nini. Kwa Debian 11 hawakusubiri kuhamia 5.10.102; walichukua badiliko lile lile na kulipandikiza juu ya kifurushi chao cha 5.10.92, wakakitoa kama 5.10.92-2 siku ya tangazo. Kwa hiyo kulikuwa na seva zilizokuwa na namba 5.10.92 na zikawa salama kabisa. Na Debian 10, iliyokuwa na kiini cha 4.19, haikuathirika hata kidogo, kwa sababu msimbo ulioleta madhara haukuwamo. Namba ndogo zaidi ya zote ndiyo iliyokuwa salama tangu mwanzo. Kuhukumu kiini kwa namba ya toleo ni sawa na kuhukumu afya ya mtu kwa mwaka aliozaliwa.

Mlezi_wa_Mitambo amejibu:

Mchambua_Msimbo amelieleza vizuri suala la kiini. Mimi nitaongeza yale yanayohusu seva yako moja kwa moja.

Chombo cha mkaguzi kimesoma `uname -r`, na kwenye Debian 11 amri hiyo hujibu kitu kama `5.10.0-` ikifuatiwa na namba na neno `amd64`. Ile sifuri haina maana kwamba kiini ni 5.10.0. Debian huiacha hivyo kwa makusudi, na namba inayofuata kistari ni ya kiolesura kati ya kiini na moduli zake. Hupanda pale tu kiolesura hicho kinapobadilika. Kwa maneno mengine, amri hiyo haijawahi kukusudiwa kujibu swali la mkaguzi. Tumia `uname -v`. Hiyo itakuonyesha toleo halisi la kifurushi ambacho kiini kinachoendesha seva wakati huo kilijengwa kutokana nacho, pamoja na tarehe yake. Ukipata toleo hilo, lilinganishe na 5.10.92-2 kwa `dpkg --compare-versions`, ambayo inaelewa kanuni za namba za Debian, usilinganishe kwa macho.

Nasisitiza maneno "kinachoendesha seva wakati huo". Kusakinisha kifurushi kipya huweka faili mpya kwenye `/boot`, basi. Kiini kilicho ndani ya kumbukumbu hubaki kile kile mpaka seva iwashwe upya, hata kama ni baada ya mwaka. Nimeona seva ambazo `dpkg -l` inaonyesha kiini cha wiki iliyopita huku `uname -v` ikionyesha cha misimu kadhaa nyuma. Ukaguzi unaotazama orodha ya vifurushi peke yake ungezipitisha seva hizo kuwa salama, na hilo ni baya zaidi kuliko kosa alilofanya mkaguzi wako, kwa sababu yeye angalau amekosea kwa upande wa tahadhari.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi. Kiolesura kikibadilika, Debian hutoa kiini kipya kama kifurushi chenye jina jipya, nacho huvutwa na kifurushi mama kiitwacho `linux-image-amd64`. Amri ya `apt-get upgrade` haisakinishi kifurushi chenye jina jipya. Itakuambia tu kwamba `linux-image-amd64` imezuiwa, na wengi hawausomi mstari huo. Tumia `apt upgrade` au `apt full-upgrade`. Na kama kuna mtu aliwahi kukiondoa kifurushi mama ili kupunguza nafasi, hutapata kiini kipya kamwe, bila onyo lolote.

Kama baadhi ya seva zako ni kontena za kukodi, si mashine pepe kamili, basi kiini ni cha mwenye nyumba, na masasisho yako ya ndani hayakigusi. Hapo ushahidi lazima utoke kwake.

Kwa wenzetu wa Red Hat na jamaa zake hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. RHEL 8, mfumo wa Linux wa Red Hat, imebaki na 4.18.0 maisha yake yote, na viraka vyote hupandikizwa juu yake. Huko ushahidi hupatikana kwa `rpm -q --changelog kernel-core`, kisha kutafuta namba ya CVE ndani ya jibu.

Msimamizi_Seva ameandika:

Ninawashukuru sana wakuu. Nimeendesha `uname -v` kwenye kila seva, na zote zinaonyesha toleo lililo juu sana kuliko 5.10.92-2, vifurushi mama vipo, na hakuna kontena. Nimepata pia ukurasa wa CVE-2022-0847 katika mfumo wa Debian wa kufuatilia udhaifu, unaotaja 5.10.92-2 kama toleo lililozibwa, nao utaambatana na majibu yangu.

Limebaki suala la kuwasha upya. Je, inafaa kuchagua CVE zile kubwa tu, tukawasha seva kwa ajili ya hizo, na nyingine zikasubiri? Nimesoma pia kuhusu kukitia kiini viraka kikiwa kinaendelea kufanya kazi. Viongozi wangefurahi sana kusikia kwamba hilo linatosha.

Mfuatilia_Viraka amejibu:

Ndugu yangu, swali lako la kuchagua CVE ndilo ningependa ulitafakari kuliko yote, kwa sababu linatokana na dhana kwamba kuna watu mahali fulani wamekwisha kukupangia hitilafu zipi ni za usalama na zipi si za usalama. Kwa kiini cha Linux, mpangilio huo haukuaminika kwa miaka mingi. Soma tena ratiba ya Dirty Pipe: kati ya tarehe 21 Februari na 7 Machi 2022, kiraka kilikuwa wazi kwa kila mtu kukisoma, lakini hakikuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba kinaziba mwanya wa kufikia root. Aliyekuwa akisasisha kila toleo thabiti linapotoka alikuwa salama kuanzia tarehe 23 Februari. Aliyekuwa akisubiri CVE yenye alama kubwa alikuwa wazi kwa karibu wiki mbili zaidi, huku mtu yeyote mwenye jicho la kusoma viraka akiweza kumtangulia.

Tangu Februari 2024 mradi wa kiini wenyewe umepewa mamlaka ya kutoa namba za CVE, na matokeo yake ni kwamba namba hizo sasa hutoka kwa wingi sana, kwa kuwa msimamo wa watunzaji ni kwamba karibu hitilafu yoyote ndani ya kiini inaweza kuwa ya usalama kutegemea mfumo unatumikaje, nao hawajui unavyoutumia wewe. Wako watu wanaolalamikia wingi huo. Mimi nauona kuwa ni ukweli uliosemwa waziwazi. Greg Kroah-Hartman, anayesimamia matoleo thabiti, amekuwa akishauri jambo moja kwa miaka: chukua toleo thabiti zima, usiokote kiraka kimoja kimoja. Kwa mtu wa Debian maana yake ni kuchukua kila sasisho la kiini wanalolitoa.

Sababu nyingine ya kutookota ni kwamba viraka vyenyewe vina historia, na mara nyingine kiraka cha kwanza huwa hakijakamilika. Tazama Dirty COW, CVE-2016-5195. Hiyo ilikuwa hitilafu ya kushindania wakati: uzi mmoja wa programu ukiandika kupitia `/proc/self/mem` kwenye ukurasa wa faili iliyofunguliwa kwa kusoma tu, na uzi mwingine ukikiambia kiini kwa `madvise()` kwamba ukurasa ule hauhitajiki, kulikuwa na upenyo mdogo ambapo kiini kilisahau kwamba kilipaswa kuandika kwenye nakala, kikaandika kwenye ukurasa wa faili yenyewe. Iliweza kutumiwa kushambulia tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, ingawa chanzo chake ni cha zamani zaidi. Phil Oester aliigundua mwaka 2016 kwa sababu alikuwa akihifadhi data za HTTP zilizoingia kwenye seva yake, akaukuta humo msimbo uliokuwa umekwisha kutumika kushambulia. Yaani wahalifu walikuwa nao kabla ya watunzaji kujua.

Torvalds alipoiziba Oktoba 2016, katika maelezo ya kiraka aliandika kwamba aliwahi kujaribu kuirekebisha hitilafu hiyo miaka kumi na mmoja nyuma, lakini rekebisho lile likaondolewa kwa sababu lilileta matatizo kwenye mashine za s390, kompyuta kubwa za IBM. Matoleo ya 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26 yakatoka na rekebisho jipya, dunia ikapumua. Kisha, Novemba 2017, watafiti wa Bindecy wakaonyesha kwamba rekebisho la 2016 lenyewe halikuyafunika vizuri matumizi ya kurasa kubwa za kumbukumbu: kulikuwa na njia ya kuufanya ukurasa mkubwa uonekane umekwisha kuandikwa, hali ya kuwa nakala haijafanyika. Ikapewa namba nyingine, CVE-2017-1000405, na kiraka kingine. Aliyeokota kiraka cha 2016 peke yake na kukipandikiza kwenye kiini chake, kisha akaandika katika daftari kwamba Dirty COW imekwisha, hakuwa na sababu yoyote ya kurudi kutazama.

Kuhusu kutia viraka kiini kikiendelea kufanya kazi: teknolojia ipo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 mwaka 2015, ilipounganisha kazi ya Red Hat na ya SUSE. Inavyofanya ni kuielekeza kazi (function) yenye kasoro ndani ya msimbo kwenda kwenye toleo lake jipya, bila kusimamisha mfumo. Kwa kiraka kama cha Dirty Pipe, kinachogusa kazi mbili na kuweka thamani moja, inafaa sana. Kwa badiliko linalogusa umbo la data iliyokwisha kuwekwa kwenye kumbukumbu, au linalogusa namna kiini kinavyopanga kumbukumbu yenyewe, haifai. Meltdown, udhaifu wa vichakataji uliotangazwa Januari 2018, ulidai kurasa za kumbukumbu za kiini zitenganishwe na za programu. Hilo halikuwa jambo la kupachika kiini kikikimbia, bali la kuwasha upya. Kwa hiyo ichukulie kama njia ya kununua siku chache.

Mlezi_wa_Mitambo amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu isipokuwa sehemu moja. Kwa chama kidogo, hata hizo siku chache mimi nisingezinunua kwa njia hiyo. Debian yenyewe haitoi viraka vya namna hiyo kama huduma, kwa hiyo utalazimika kumtegemea mtu wa tatu, na utaongeza kitu kingine cha kukaguliwa. Fedha na muda huo ni heri viende kwenye kuwa na seva mbili zinazobadilishana huduma, ili kila moja iwashwe upya kwa zamu bila mwanachama kujua.

Ikitokea udhaifu umetangazwa na huwezi kuwasha seva upya usiku huo huo, mara nyingine kuna njia ya kuufunga mlango unaoufikia. Mfano mzuri ni CVE-2024-1086 katika nf_tables, sehemu ya kiini inayochuja pakiti za mtandao. Kiini kilikubali kanuni yenye thamani ya kosa isiyo halali ndani ya uamuzi wa kutupa pakiti, na thamani hiyo baadaye ikasomwa kama uamuzi wa kuikubali, hivyo kumbukumbu ile ile ikaachiliwa mara mbili. Kiraka cha Januari 2024 kiliikataa thamani hiyo pale pale mlangoni. Mwezi Machi msimbo wa kushambulia ukachapishwa, na Mei mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, ikauweka udhaifu huo kwenye orodha ya ule unaotumiwa na washambuliaji. Lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kugusa nf_tables bila kwanza kujitengenezea nafasi yake ya majina ya watumiaji (eneo lililotengwa ambamo anahesabiwa kama root), ambayo Debian 11 inairuhusu kwa chaguo-msingi. Ukiweka `kernel.unprivileged_userns_clone=0` kwa `sysctl`, mlango huo unafungwa mara moja bila kuwasha upya. Kwenye seva ya hifadhidata hutapoteza chochote; kwenye mashine zinazoendesha kontena bila root au vivinjari, kuna vitu vitakataa kufanya kazi. Mimi ningeuacha umefungwa daima kwenye seva zako, kwa kuwa kasoro nyingi za kiini za miaka ya karibuni zimefikiwa kupitia mlango huo huo.

Kumbuka pia kwamba Debian 11 iko katika kipindi chake cha mwisho cha masasisho, kinachokwisha tarehe 31 Agosti 2026. Baada ya hapo mkaguzi atakuwa na hoja ambayo `uname -v` haitaweza kuijibu.

Msimamizi_Seva ameandika:

Nimewaelewa wakuu, nami nitapeleka pendekezo la seva mbili za kubadilishana katika kikao kijacho. Ombi langu la mwisho: kama ingekuwa ninyi, ushahidi kwa mkaguzi mngeupangaje?

Mchambua_Msimbo amejibu:

Ningeuandika kama mnyororo usio na pengo. Anza na badiliko lililoziba kasoro, 9d2231c5d74e, na uamuzi wa Debian kwamba badiliko hilo limo kuanzia kifurushi cha 5.10.92-2. Kisha weka jibu la `uname -v` la kila seva, pamoja na jibu la `uptime -s`, ili ionekane kiini hicho kimekuwa kikiendesha seva tangu lini. Malizia na jibu la `dpkg --compare-versions` kwa kila moja. Usimwombe mkaguzi aifute hoja yake kwa heshima yako. Mwombe aendeshe amri hizo yeye mwenyewe mbele yako, kisha umwombe abadilishe mpangilio wa chombo chake ili kisome toleo la kifurushi kinachoendesha seva, kwa sababu ripoti ya mwaka ujao itakuja na kosa lile lile kwa kila CVE iliyowahi kupandikizwa.

Jiandae pia kwa swali ambalo mkaguzi mzuri ataliuliza baada ya hapo: je, seva zilikuwa na kiini chenye kasoro kwa muda gani kabla ya kuzibwa, na kulikuwa na watumiaji wengine ndani yake wakati huo? Maandishi ya Dirty Pipe huangukia kwenye akiba ya kurasa na kwa kawaida hayaandikwi kwenye diski, kwa hiyo hupotea seva ikiwashwa upya na hayaachi alama kwenye faili. Hilo utalijibu kwa kumbukumbu za nani aliingia kwenye seva katika wiki zile za Februari na Machi 2022, kama bado zimehifadhiwa.